Korona, tumbo na ini: vipimo vimepanda, je, ini limeharibika?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41. Wiki tano zilizopita niliugua UVIKO-19. Cha ajabu, haukuanza na mafua wala kikohozi. Siku mbili za kwanza nilisikia kichefuchefu, nikatapika na kuharisha, ndipo homa, maumivu ya misuli na kikohozi vikafuata. Sikulazwa. Nilimeza parasetamoli vidonge viwili mara nne kwa siku, nikaongeza dawa ya mafua ya unga wa kukoroga kwenye maji ya moto, na mtu mmoja akanipa azithromaisini. Siku ya sita nilipimwa damu nikaambiwa ini limeguswa: AST 118, ALT 96. Sasa kifua kimepona, lakini tumbo linanguruma, linajaa gesi, na kuna siku naenda haja mara tatu, choo chepesi. Kaka yangu ana homa ya ini B, ndiyo maana hofu imezidi. Je, korona imeniharibia ini? Nitumie dawa gani ya kusafisha ini? Na bado naweza kumwambukiza mtu chooni?"

Jibu:

Marahaba, dada. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa namba hizo mbili, hakuna kinachoonyesha kwamba ini lako limeharibika. Zimepanda, ndiyo, lakini kidogo, kwa namna iliyoonekana kwa wagonjwa wengi mno wa UVIKO-19, na kwa walio wengi hushuka zenyewe mwili ukishapona. Kinachonikera mimi kwenye barua yako ni mambo mawili uliyoyataja kwa kupita: ile dawa ya mafua uliyoiongeza juu ya parasetamoli, na kaka yako. Nitayafikia.

Tumbo na ini ni kesi mbili tofauti, na hofu nyingi hutokana na kuzichanganya. Utumbo huvamiwa na kirusi chenyewe. Ini, kwa watu wengi, huumizwa zaidi na yale yanayotokea mwilini wakati mtu anaumwa: homa, mapambano ya kinga, upungufu wa oksijeni, dawa. Ndiyo maana tumbo lako lina haki ya kulalamika hadi leo, ilhali ini lako huenda limeshanyamaza zamani.

Tumbo kwanza. Kirusi cha korona hakiingii kwenye seli yoyote tu kinayokutana nayo. Lazima kinate kwenye protini iitwayo ACE2 iliyo juu ya seli, kisha kimeng'enya kingine, TMPRSS2, kikate miba ya kirusi ili kipenye ndani. Watu walizoea kukiita kirusi cha mapafu, lakini seli zinazotanda ukuta wa utumbo mwembamba, hasa sehemu yake ya mwisho, zina ACE2 kwa wingi kuliko mapafu, na TMPRSS2 pia zinayo. Mwaka 2020 watafiti nchini Uholanzi waliotesha maabara vijitumbo vidogo kutokana na seli za binadamu, wakaviambukiza, na kirusi kikazaliana humo bila taabu. Kwa hiyo swali la kama korona inaweza kuingia tumboni lilijibiwa mapema sana.

Sasa tazama kazi ambayo ACE2 hufanya pale utumboni siku zote, kabla ya kirusi kuja. Huishikilia protini nyingine inayosafirisha asidi amino, yaani vijenzi vya protini, kutoka kwenye chakula kilichosagwa kwenda kwenye damu, ikiwemo ile iitwayo triptofani. Seli hizo zikishambuliwa, ufyonzaji unavurugika, ukuta wa utumbo unavimba, maji yanayopaswa kurudi mwilini yanabaki ndani ya utumbo, na mtu anaharisha. Kichefuchefu na kukosa hamu ya kula huchangiwa pia na kemikali za kinga zinazomwagika kwenye damu na kuufikia ubongo. Kukosa hamu ya kula, kwa taarifa yako, ndiyo dalili ya tumbo iliyotajwa zaidi na wagonjwa, kuliko hata kuharisha.

Kwamba kwako tumbo lilitangulia si ajabu. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa nchini Marekani, mwanamume wa miaka 35 aliyelazwa katika jimbo la Washington Januari 2020, alifika hospitali akiwa na kikohozi, homa na siku mbili za kichefuchefu na kutapika. Siku iliyofuata akapata choo chepesi, na kirusi kikaonekana kwenye kinyesi chake. Baadaye mwaka huohuo madaktari wa Hong Kong walikusanya tafiti zenye wagonjwa 4,243 na kukuta karibu asilimia 18 walikuwa na dalili za tumbo. Wapo wachache ambao hawakukohoa hata mara moja, na hao ndio waliocheleweshwa sana kupimwa mwanzoni mwa janga, kwa sababu kila mtu alikuwa akitafuta kikohozi.

Uchambuzi huohuo wa Hong Kong unatupeleka kwenye swali lako la choo. Takriban nusu ya waliopimwa kinyesi walikuwa na vinasaba vya kirusi, na kati ya hao, asilimia 70 waliendelea kuvitoa hata baada ya vipimo vya pua na koo kuonyesha wamepona. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2022 uliwafuatilia watu 113 wenye ugonjwa mwepesi au wa wastani, na karibu asilimia 4 walikuwa bado wanatoa vinasaba hivyo kinyesini miezi saba baadaye. Ukisoma namba hizi juujuu utaogopa hata kivuli chako. Lakini vinasaba ni mabaki, na kipimo cha PCR hakitofautishi kirusi kilicho hai na vipande vya kilichokufa. Wanasayansi walipojaribu kuotesha kirusi hai kutoka kwenye kinyesi, walifanikiwa mara chache tu, kwani majimaji ya utumbo mpana hayakipendi kirusi hiki. Njia kuu ya kuambukiza imebaki kuwa hewa tunayopumua karibu na mgonjwa.

Wasiwasi wa choo haukutoka hewani, hata hivyo. Mwaka 2003, wakati wa ugonjwa wa SARS ulioletwa na ndugu wa kirusi hiki, zaidi ya wakazi 300 wa majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong waliambukizwa, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye mabomba ya maji machafu baada ya mgonjwa mmoja mwenye kuharisha kutumia choo mle. Na ni mabaki hayohayo ya kinyesini yaliyowezesha miji mingi kupima maji taka ili kujua kama korona inaongezeka kabla wagonjwa hawajajaa hospitalini. Kwako wewe, wiki tano baada ya kuugua na ukiwa na kinga ya kawaida, huna haja ya kujitenga na choo cha nyumbani. Funika choo kabla ya kumwaga maji, nawa mikono kwa sabuni, basi. Mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa za saratani au za kupandikizwa kiungo, huyo ni habari nyingine. Anaweza kubeba kirusi hai kwa muda mrefu.

Twende kwenye ini.

Robo tatu hivi ya damu inayoingia kwenye ini inatoka moja kwa moja utumboni kupitia mshipa mkubwa mmoja. Kila kinachovuja kwenye ukuta wa utumbo uliovimba, iwe vipande vya bakteria au kemikali za kinga, ini ndilo la kwanza kukipokea. Lakini seli zenyewe za ini zina ACE2 kidogo. Zilizo nayo kwa wingi zaidi ni seli zinazotanda mirija ya nyongo iliyo ndani ya ini. Kama kirusi kingekuwa ndicho mshambuliaji mkuu, tungetarajia kuona mirija hiyo ikilalamika, yaani vipimo vya ALP na GGT vikipanda mbele ya vingine. Kwa wagonjwa wengi haikuwa hivyo. Kilichopanda ni AST na ALT, kama kwako, na kwa kiasi kidogo. Kwa ushahidi huo, mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kirusi chenyewe si mhusika mkuu kwenye ini, ingawa vipande vyake vimewahi kuonekana kwenye sampuli za maini ya waliofariki.

Katika ripoti mojawapo ya kwanza kabisa kutoka Wuhan, ya wagonjwa 99 waliolazwa Januari 2020, 43 walikuwa na vipimo vya ini visivyo vya kawaida. Aliyepata madhara makubwa alikuwa mmoja tu.

Sasa tuisome karatasi yako. AST na ALT ni vimeng'enya vinavyoishi ndani ya seli. Seli ikijeruhiwa, vinavuja kwenye damu. Maabara nyingi huweka mpaka wa juu karibu na 40, hivyo wewe ulikuwa mara mbili na nusu hadi mara tatu. Mgonjwa ambaye ini lake linaungua kweli kwa sumu au kwa homa ya ini kali huleta namba za mamia hadi maelfu. Na hata namba kubwa ni kama moshi: zinakuambia kuna kinachoungua, hazikuambii nyumba imebakiwa na nini. Ukitaka kujua kama ini bado linafanya kazi yake, tazama bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huitoa kwenye damu), albumini (protini inayotengenezwa na ini) na muda wa damu kuganda, unaoandikwa INR. Hivi hukuvitaja. Rudi ulikopimiwa uombe karatasi yote, inawezekana vipo na hukuonyeshwa.

Kuna jambo jingine ndani ya namba zako ambalo mtu akiharakisha halioni. AST yako iko juu kuliko ALT. ALT hutoka zaidi kwenye ini, lakini AST iko pia kwenye misuli, moyo na chembe nyekundu za damu. Wewe ulikuwa na homa na misuli inauma. Sehemu ya ile 118 inaweza kabisa kuwa imetoka mapajani na mgongoni mwako, si kwenye ini. Tungekupima CK, kimeng'enya cha misuli, siku ile tungejua; sasa hivi, wiki tano baadaye, kipimo hicho hakitatuambia lolote kuhusu siku ya sita. Pombe nayo huipandisha AST juu ya ALT, kwa hiyo kama unakunywa, mwambie daktari wako kiasi halisi, si kile cha kumpendeza.

Na sasa parasetamoli. Vidonge viwili vya miligramu 500, mara nne, ni gramu 4 kwa siku. Huo ndio ukomo kwa mtu mzima mwenye afya. Ukawa umeufikia kwa vidonge peke yake. Dawa nyingi za mafua za unga zina parasetamoli ndani yake, mara nyingi miligramu 500 hadi 1,000 kwa pakiti, na wanunuzi wengi hawajui kwa sababu jina kubwa la mbele halisemi hivyo. Chukua pakiti iliyobaki, igeuze, tafuta maandishi madogo. Kama imeandikwa paracetamol au acetaminophen, ambayo ni dawa ileile, basi kwa siku kadhaa ulikuwa umevuka ukomo.

Hatari yake iko hivi. Sehemu kubwa ya parasetamoli hutolewa mwilini bila madhara, lakini kiasi kidogo hugeuzwa na ini kuwa sumu kali. Ini huizima sumu hiyo kwa kutumia kemikali yake iitwayo glutathioni. Mtu aliyetapika siku mbili na asiyekula vizuri ana akiba ndogo ya glutathioni, hivyo dozi ambayo siku nyingine isingemdhuru inaweza kumgusa. Namba zako hazifanani na za mtu aliyepata sumu ya parasetamoli, maana hizo huruka hadi maelfu, lakini naona ilichangia. Usiichukie dawa yenyewe. Kwa homa ya korona bado ni chaguo salama, hata kwa wenye ugonjwa wa ini, ilimradi dozi ihesabiwe. Aliye na makovu ya ini au anayekunywa pombe nyingi, madaktari wengi humwekea ukomo wa gramu 2 kwa siku. Na kama siku moja mtu wa nyumbani kwako amezidisha kwa kiasi kikubwa, msingoje aumwe. Ipo dawa ya kuizima sumu hiyo, asetilisisteini, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane za kwanza, wakati ambapo mgonjwa huwa bado anajisikia mzima kabisa.

Azithromaisini haikukusaidia na korona, kwa sababu inaua bakteria, haigusi virusi. Inaweza kupandisha vipimo vya ini mara chache. Kikubwa zaidi ni ilichokifanya tumboni, subiri kidogo.

Waliolazwa walikuwa na sababu nyingine zaidi, nazitaja haraka kwa ajili ya wasomaji wengine. Oksijeni ikishuka sana, au shinikizo la damu likiporomoka, ini hukosa hewa na vimeng'enya huruka ghafla. Damu ilikuwa ikiganda kwenye vimishipa vidogo, vya ini vikiwemo. Wachache iliwaganda hata kwenye mishipa ya utumbo, na hao walihitaji upasuaji wa dharura. Dawa kama remdesiviri na tosilizumabu zinajulikana kupandisha vimeng'enya. Na kundi dogo la walionusurika chumba cha wagonjwa mahututi baada ya wiki nyingi kwenye mashine ya kupumulia walibaki na mirija ya nyongo iliyokakamaa na kuziba. Hilo ni tatizo zito, baadhi walilazimika kupandikizwa ini jipya. Wewe ambaye hukulazwa huna sababu ya kulifikiria.

Kaka yako ana homa ya ini B. Je, wewe umewahi kupimwa? Barua yako haisemi, na ukimya huo ndio ulionifanya nijibu kwa kirefu. Homa ya ini B huambukizwa kwa damu, kwa ngono, na sana sana kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Ndugu wa tumbo moja mara nyingi huipata kwa njia moja, na mtu huweza kuishi nayo miaka thelathini bila dalili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na maambukizi sugu ya homa ya ini B, na wengi wao hawajui. Hivyo inawezekana kabisa kwamba korona haikulifanya lolote ini lako, ila ilikupeleka maabara, na maabara ikaona kitu kilichokuwepo tangu utotoni. Jambo hilohilo hutokea kwa ini lenye mafuta, ambalo takriban asilimia 30 ya watu wazima duniani wanalo, hasa wenye kisukari au unene wa tumboni. Mtu hajawahi kupimwa ini maisha yake yote, anaugua korona, anapimwa mara ya kwanza, namba ziko juu, korona inasingiziwa.

Omba vipimo vitatu kwa pamoja: HBsAg, anti-HBc na anti-HBs. Cha kwanza kinasema kama una kirusi sasa, cha pili kama uliwahi kukutana nacho, cha tatu kama una kinga. Ukikutwa huna maambukizi wala kinga, chanjwa. Chanjo ipo, ni salama, na kwa kawaida ni dozi tatu. Ukikutwa na HBsAg, kuna dawa za kumeza zinazokilaza kirusi, ingawa si kila mtu huzihitaji mara moja. Pima na homa ya ini C siku hiyohiyo, kwa kuwa hiyo siku hizi inatibika kabisa kwa vidonge vya wiki chache.

Kwa nini nasisitiza hivi wakati umeshapona? Kwa sababu ya deksamethasoni. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kwamba dawa hii hupunguza vifo kwa wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni, na ikawa tiba ya kawaida dunia nzima. Lakini hushusha kinga, na homa ya ini B iliyolala inaweza kuamka kinga ikishushwa. Minyoo ya strongiloidi, ambayo huishi mwilini miongo kadhaa kimya, nayo huweza kulipuka kwa namna hiyohiyo. Daktari akijua mapema hali yako, anakulinda kwa dawa. Kama kuna mtu alikupa deksamethasoni au predinisoloni nyumbani katika siku zile, mwambie daktari wako. Kwa asiyehitaji oksijeni dawa hizo hazikuonyesha faida yoyote.

Wanaopaswa kuiogopa korona kwa upande wa ini ni wale ambao ini lao lilikuwa na makovu tayari. Takwimu zilizokusanywa mwaka 2020 kutoka nchi 29, kabla ya chanjo, zilionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa ini wenye makovu walioambukizwa, asilimia 32 walifariki, ikilinganishwa na asilimia 8 ya wagonjwa wa ini wasio na makovu. Kwa wale ambao ini lilikuwa limeshindwa kabisa kazi, daraja la mwisho katika kipimo cha Child-Pugh, walifariki asilimia 51. Wengi waliuawa na mapafu, si ini. Kama kaka yako homa ya ini imeshamwachia makovu, chanjo ya korona na ya mafua zinamhusu yeye kuliko wewe. Na akiambukizwa, asimeze dawa ya vidonge yenye nirmatrelviri na ritonaviri kabla daktari hajapitia hali ya ini lake na dawa zake zote. Ritonaviri huingiliana na dawa nyingi mno, na mchanganyiko huo haupendekezwi kwa mwenye ini lililoshindwa.

Mnaonisoma mkiwa na watoto, ongezeni hili: mtoto aliyepata korona wiki mbili hadi sita zilizopita, hata nyepesi, akaanza homa kali isiyoshuka, maumivu makali ya tumbo, macho mekundu na vipele, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Baadhi ya watoto hao walikaribia kupasuliwa kwa kudhaniwa ni kidole tumbo, kumbe ni mlipuko wa kinga ya mwili unaogusa hadi moyo. Na ule ugonjwa wa ini kwa watoto ulioripotiwa kwanza Scotland Aprili 2022, uliosingiziwa chanjo ya korona mitandaoni? Wengi wa watoto hao walikuwa wadogo na hawajawahi kuchanjwa. Tafiti zilizofuata ziliwakuta na kirusi kingine kidogo kiitwacho AAV2, kinachozaliana kwa msaada wa adenovirusi.

Haya, tumbo lako la leo. Kunguruma, gesi na choo chepesi wiki tano baada ya maambukizi ni jambo linalofahamika vizuri, na halikuanza na korona. Kuharisha kokote kukali huweza kuacha utumbo ukiwa mwepesi kushtuka kwa miezi. Utafiti uliofuatilia wagonjwa waliolazwa katika nchi mbalimbali ulikuta mwaka mmoja baadaye asilimia 3.2 ya waliokuwa na korona walikuwa wamepata utumbo wenye hasira, ikilinganishwa na asilimia 0.5 ya wagonjwa wengine. Watafiti wa Marekani waliochunguza maveterani zaidi ya 154,000 walioambukizwa walikuta pia ongezeko la kiungulia, vidonda vya tumbo na matatizo mengine ya utumbo ndani ya mwaka. Maveterani wengi ni wanaume wazee, kwa hiyo usijipime kwa matokeo yao moja kwa moja.

Sababu ni zaidi ya moja. Bakteria wazuri wa utumbo mpana hupungua wakati wa ugonjwa, na kwa aliyemeza azithromaisini kama wewe walipunguzwa mara mbili: na ugonjwa, kisha na dawa. Kwa baadhi ya watu vipande vya kirusi hubaki kwenye ukuta wa utumbo. Uchunguzi mmoja ulivikuta kwa watu 7 kati ya 14 miezi minne baada ya kuugua. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipendekeza kwamba mabaki haya huchochea kinga, kinga hupunguza ufyonzaji wa ile triptofani, na triptofani ndiyo malighafi ya serotonini, kemikali ambayo sehemu yake kubwa mwilini hutengenezwa utumboni na husaidia kuongoza mwendo wake. Naiona hoja hiyo ina mvuto, kwa kuwa inaunganisha tumbo na uchovu wa muda mrefu, lakini bado hakuna tiba iliyothibitishwa inayotokana nayo.

Cha kufanya ni cha kawaida, na kinahitaji uvumilivu. Acha maziwa mabichi na ya kuchemsha kwa wiki mbili uone; utumbo uliojeruhiwa hupoteza kwa muda kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, na gesi nyingi ninazoulizwa huishia hapo. Nyuzinyuzi za chakula ziongeze taratibu, usizirundike siku moja. Usimeze antibiotiki nyingine "kusafisha tumbo". Vidonge vya bakteria wazuri ushahidi wake ni hafifu. Ukivitumia wiki nne bila nafuu, viache. Siku ukiharisha sana, maji yenye chumvi na sukari yanatosha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima kwa kijiko kilekile, chumvi isizidi.

Kama kufikia wiki ya nane choo bado ni chepesi, pima choo kwa giardia na amiba, na kwa kuwa ulitumia antibiotiki, pima pia bakteria aitwaye Clostridioides difficile. Homoni za tezi ya shingo zipimwe pia. Huyo kirusi amebeba lawama nyingi ambazo si zake.

Dawa ya kusafisha ini haipo. Ini hujisafisha lenyewe, na mara nyingi vidonge vinavyouzwa kwa jina hilo ndivyo vinavyoniletea wagonjwa. Vidonge vyenye dondoo kali ya majani ya chai ya kijani, au ya bizari ya manjano, vimehusishwa na majeraha makubwa ya ini, baadhi yakiua. Lipumzishe na pombe hadi vipimo vitulie, na usimeze mchanganyiko wowote ambao muuzaji wake hawezi kukuambia una nini.

Rudia AST na ALT wiki ya sita hadi ya nane tangu uugue, pamoja na ALP, GGT, bilirubini, albumini na INR, na vile vipimo vya homa ya ini. AST hutangulia kushuka, ALT hufuata polepole, usishtuke zikipishana. Zikiwa za kawaida, na homa ya ini haipo, hakuna haja ya kuendelea kupima. Zikibaki juu, fanya altrasaundi ya ini, na daktari atafute sababu nyingine hata kama kila mtu anasema ni korona.

Usisubiri tarehe hiyo ukiona macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa mweusi kama majani ya chai yaliyokolea, choo kimepauka, tumbo limejaa maji, au umechanganyikiwa na kulala kupita kawaida. Kwa upande wa utumbo, nenda mapema ukiona damu kwenye choo, homa imerudi, unapungua uzito bila kutaka, au kuharisha kunakuamsha usiku. Na mpigie kaka yako umuulize ni lini alipimwa ini mara ya mwisho.